Mlango wa Mbele wa Nyumba ya Sjef

Toos Laurijssen alikuwa amefungisha ndoa mia nne na kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyowahi kumtia jasho, mpaka ilipofika ya Sjef, fundi wa rangi.

Miaka mingi Toos alisimama nyuma ya kaunta ya bucha ya mumewe. Bucha ilipofungwa, manispaa ya upande wa Kiholanzi ikatangaza kwamba inatafuta raia wa kuapishwa kuwa mfungishaji ndoa, mtu wa kuitwa siku za harusi tu. Toos akaomba. Akapewa joho jeusi lenye kitambaa cheupe shingoni, akanyoosha vidole viwili, akaapa kufuata sheria. Wengine huapa kisha wakasahau. Toos aliapa kama mtu anayemeza kitu, na kikakaa tumboni miaka kumi na tisa.

Kijijini walimwita Toos Kifungu, kwa sababu kila jambo alikuwa na kifungu chake cha sheria. Siku moja bwana harusi aliyeonja bia mapema aliulizwa kama anamkubali bibi harusi, akageukia rafiki zake na kusema, "Acha nifikirie kidogo!" Watu wakacheka. Toos akafunga daftari, akawatoa ukumbini wote, pamoja na mpiga picha na bibi yake bwana harusi aliyekuwa na miaka tisini na moja. Aliwaita tena baada ya nusu saa, na kijana akajibu bila utani.

"Neno ni moja," Toos alikuwa akisema. "Ndiyo. Si 'haya', si 'twende tu', si kutikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi."

Basi mtu wa namna hiyo aliwezaje kukosea harusi ya Sjef? Alikosa kwa sababu ni mzaliwa wa Baarle. Mgeni angeuliza.

Kwetu Baarle mpaka wa Uholanzi na Ubelgiji hauko nje ya kijiji, umo ndani. Unapita kwenye vijia, chini ya meza za mikahawa, na kwenye nyumba za watu bila kubisha hodi. Misalaba myeupe imechorwa njiani kuuonyesha, lakini wenyeji hatuitazami. Sisi tuna msemo mmoja tu: mlango ndio nchi. Mlango wako wa mbele ukiwa Uholanzi, wewe na paka wako ni wa Uholanzi, hata kama unalala ukiwa umeelekeza miguu Ubelgiji. Mtoto hulijua hilo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Na huo mlango wa mbele wenyewe hakuna anayeutumia. Watu wote huzunguka nyuma, kupitia bustani, na kuingilia jikoni. Anayepiga kengele ya mbele ni polisi au mhubiri. Wazee walisema mlango wa mbele hufunguliwa mara mbili, bibi harusi akiingia na jeneza likitoka.

Sjef Gulickx alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na mtani mkubwa kuliko wote. Ukimuuliza saa ngapi, anakujibu, "Kwani umechoka kuniona?" Alikuwa akiishi na Nelleke Snoeijs miaka thelathini na moja bila ndoa. Kila Nelleke alipolitaja jambo la kuoana, Sjef alijibu neno lilelile: "Nitakuoa rangi ikikauka." Na kwa fundi rangi, siku zote kuna ukuta fulani mahali fulani ambao haujakauka.

Mwezi wa tisa madaktari walimkuta na ugonjwa kwenye kongosho. Mwezi wa kumi wakamrudisha nyumbani na kitanda cha hospitali chenye magurudumu, na nesi wa kumtazama. Jumatatu moja Nelleke alikuwa anampangusa uso, Sjef akamwambia, "Nelleke, rangi imekauka."

Siku hiyohiyo Nelleke alimpigia simu Toos. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Mama Toos, sitaki kitu kingine. Sitaki shamba, sitaki gari lake bovu. Nataka ile kadi."

Toos alielewa. Kwetu kwenye mazishi kila mtu hupewa kadi ndogo yenye picha ya marehemu, na chini ya jina huandikwa alikuwa nani kwa nani. Mume wa fulani, baba wa fulani. Mwaka uliopita shoga yake Nelleke alifiwa na mwanamume aliyeishi naye miaka ishirini, na kadi ilimwandika "rafiki".

"Rafiki!" Nelleke alisema kwenye simu. "Mimi nimefua soksi za Sjef miaka thelathini na moja. Rafiki anafua soksi?"

Toos alishughulika kwa siku mbili. Barua ya daktari kwamba mgonjwa hawezi kufikishwa ofisini, akaipata. Kibali cha mwendesha mashtaka cha kuondoa siku za kungoja ambazo sheria huzitaka kabla ya ndoa, akakipata. Harusi ya nyumbani kwa mgonjwa hutaka mashahidi sita watu wazima, si wawili kama kawaida, akawahesabu: Gust, kaka yake Sjef, mkulima mstaafu mwenye mikono kama makoleo, mkewe Gust, wanaume wawili waliocheza karata na Sjef kila Ijumaa, nesi, na mpwa wa Nelleke.

Alhamisi saa tano asubuhi Toos alizunguka nyuma kama watu wote, joho mkononi, akaingia. Sjef alikuwa amelazwa chumba cha nyuma, kile alichokijenga mwenyewe mwaka wa tisini na nne ili aone bustani. Alikuwa amebaki ngozi na macho, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Toos Kifungu!" alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukufunga, Sjef. Maisha."

"Basi ni kifungo kifupi."

Nelleke alimpiga kofi dogo la begani, na wote wakacheka, kisha wakatazama chini.

Mara simu ikalia. Gari la mpwa limekwama njiani, hatafika. Mashahidi wakabaki watano. Gust akatoka mbio mpaka nyumba ya nyuma ya bustani na kurudi na jirani, Fons, Mbelgiji mwembamba aliyekuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu. Fons alikuwa bado na sandali za nyumbani miguuni.

Toos akavaa joho. Akahakikisha mlango wa jikoni uko wazi, maana harusi haifungwi kwa siri. Akauliza. Sjef akajibu ndiyo, kisha akaongeza, "Kabla hajabadili mawazo." Lile neno lilikuwa limekwisha kutoka, safi, kwa hiyo Toos akaliacha lililofuata. Nelleke akajibu ndiyo. Toos akatangaza kwamba wameoana. Saa tano na dakika ishirini. Wakatia sahihi wote, na nesi akamchoma Sjef sindano yake ya maumivu, naye akasinzia na tabasamu usoni.

Kahawa ikaja, na mikate ya soseji. Fons alikuwa amesimama dirishani na kikombe chake, anatafuna.

"Haya mambo bwana," alisema. "Umri wangu sabini na nne, sijawahi kuwa shahidi wa harusi ya Kiholanzi nchini Ubelgiji."

Watu wakacheka. Toos naye akacheka. Kisha kicheko chake kikakatika.

"Umesema nini?"

"Si tuko Ubelgiji hapa." Fons aligonga sakafu kwa sandali. "Mpaka unakata sebule kimshazari. Nyumba ya zamani ilikuwa nusu kwa nusu, na Sjef alipoongeza chumba hiki, akaongezea Ubelgiji. Nimeupima mwenyewe mwaka wa themanini na nane." Akamtazama Toos usoni na tonge likamkaa shavuni. "Nilidhani una kibali."

"Mlango," Toos alisema. "Mlango ndio nchi."

"Mlango ndio anwani, mama."

Toos aliweka kikombe chini. Miaka kumi na tisa! Alitoka kwenda bustanini, akampigia mkuu wa ofisi ya kumbukumbu za raia, akamweleza.

"Toos," mkuu akasema, "mlango ni wa barua na mapipa ya taka. Kiapo chako kinaishia mpakani. Ukishavuka, wewe ni mama tu aliyevaa joho."

"Kwa hiyo hawajaoana?"

"Hawajaoana."

"Lakini amesema ndiyo! Nimemsikia kwa masikio yangu!"

"Ameisemea Ubelgiji."

Alipogeuka, Gust alikuwa nyuma yake. Alikuwa amesikia yote. Akamsogelea na kushusha sauti.

"Mama Toos, nani atajua? Fons nitamnyamazisha mimi. Karatasi zimesainiwa. Kaka yangu analala kwa raha. Utamwamsha umwambie nini?"

Na hapa tusimfanye Toos malaika, maana hakuwa malaika. Alisimama pale kwenye majani mabichi na akataka, kwa moyo wake wote, kunyamaza. Kadi ingechapishwa. Nelleke angesomwa mke. Nani angekwenda kupima sakafu na futi siku ya mazishi? Aliwaza hivyo kwa muda ambao chai ya moto hupoa. Kisha akaitazama ile hati mkononi, mahali palipoandikwa kwamba mambo haya yametendeka ndani ya manispaa, na chini yake sahihi yake mwenyewe.

"Nitajua mimi," alisema. "Na siku watakapokuja kujua wengine, Sjef hatakuwepo kusema ndiyo ya pili. Leo yupo."

Alimkuta Nelleke ameketi kando ya kitanda, ua la harusi bado kifuani. Toos akapiga magoti mbele yake.

"Nelleke, nimekosea. Chumba hiki si Uholanzi. Ndoa niliyofunga si ndoa."

Nelleke hakuelewa kwanza. Alitabasamu, akidhani ni utani, maana alikuwa amezoea nyumba ya utani. Halafu tabasamu likaanza kuondoka polepole.

"Unasema nini wewe?"

"Mkuu wangu amesema—"

"Miaka kumi na tisa unafunga watu, hujui nchi yako imeishia wapi?" Nelleke alisimama, sauti imepanda. "Unafukuza vijana wa watu kwa kutania, wewe mwenyewe unakuja kutania na mgonjwa wangu? Kifungu! Kifungu gani? Nimekuwa mke kwa dakika arobaini, Toos! Arobaini!"

Mkewe Gust alilia kwenye kitambaa cha mezani. Toos alikubali kila neno, maana kila neno lilikuwa kweli.

"Anaweza kuamka?" akamuuliza nesi.

"Sindano bado ina nguvu. Pengine baada ya saa moja. Pengine..." Nesi akatazama pembeni. "Siwezi kuwaahidi."

"Kitanda kinaweza kusogezwa?"

"Kina magurudumu."

Fons alikwisha kwenda nyumbani na kurudi na tepu yake ya kupimia na ramani iliyokunjika. Alitambaa sakafuni na sandali zake, akainua zulia, akachora mstari kwa chaki kutoka pembe ya jiko mpaka karibu na ngazi. Masikini Uholanzi, kumbe ilikuwa ndogo vile. Meza ya kulia chakula ilikuwa Ubelgiji. Televisheni ilikuwa Ubelgiji. Mahali pekee palipotosha kitanda kizima na mfungishaji ndoa palikuwa kwenye korido ya mbele, nyuma ya mlango ambao hakuna aliyekumbuka ulifunguliwa lini.

Wakamsukuma. Nesi alibeba mtungi wa hewa ya Sjef kama anayebeba mtoto. Kwenye kizingiti cha sebule wanaume wanne walinyanyua kitanda, Gust akitoa amri kana kwamba wanahamisha fahali, na Sjef hakufumbua jicho. Kitanda kikaingia koridoni, kikaijaza yote. Mashahidi walipanda ngazi na kuketi, kila mmoja kidato kimoja juu ya mwenzake.

"Mlango ufunguliwe," Toos alisema.

"Wa jikoni uko wazi," Gust alisema.

"Kitanda kimeziba njia. Harusi ni ya hadhara. Mtu yeyote anayepita lazima aweze kuingia. Huu hapa ndio ufunguliwe."

"Toos, kwa jina la Mungu!"

"Nimekosa mara moja leo. Sikosi mara mbili."

Wakaliondoa kabati la viatu lililowekwa mbele ya mlango. Ufunguo ulizunguka. Mlango haukusogea. Gust akausukuma kwa bega, haukusogea. Mcheza karata mmoja akapitisha kidole kwenye ukingo, akaanza kucheka cheko la mtu anayekaribia kulia.

"Ameupaka rangi. Tabaka juu ya tabaka, mlango na fremu pamoja. Fundi amejigandishia nyumba yake mwenyewe!"

Nelleke hakucheka. Alijipenyeza kwa shida kando ya kitanda mpaka banda la vifaa, akaleta kisu cha Sjef cha kukwangulia rangi, akaanza kukata. Gust alinyoosha mkono akimwomba kisu, Nelleke akamkatalia. Alikata juu, akakata pembeni, akapiga magoti na kukata chini, vumbi la rangi likimwangukia kwenye gauni la harusi, tabaka la kijani, tabaka la kahawia, tabaka la rangi ya maziwa, miaka thelathini na moja ya kungoja ikauke. Saa sita na dakika hamsini mlango ukalia kwa sauti kubwa na kufunguka. Upepo wa Oktoba ukaingia, na mwanga wa barabarani, na mwanamke aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama, mguu mmoja chini, mdomo wazi.

Sjef akafumbua macho.

Alitazama mlango kwa muda mrefu. Akatazama mbingu kupitia mlangoni. Uso wake ukabadilika, na kwa mara ya kwanza siku ile watu wote waliona kwamba anaogopa.

"Mlango wa mbele uko wazi," alinong'ona. "Nimeshakufa?"

"Bado, mpumbavu wewe," Nelleke alisema. Mikono yake ilikuwa imejaa rangi. "Unaoa."

"Si nimeoa?"

"Umeoa Ubelgiji," Fons alisema kutoka juu ya ngazi. "Haihesabiwi."

Mabega ya Sjef yakatikisika. Alikuwa anacheka, lakini hakikutoka kitu ila pumzi. Toos akasogea, akasimama ndani ya mstari wa chaki, viatu vyote viwili, akahakikisha.

"Sjef, nisikilize. Neno moja tu. Ukitania, nafunga daftari, na safari hii sijui kama nitalifungua tena. Umenielewa?"

Akauliza swali, lote, polepole. Walioketi ngazini wakainama mbele wasikie. Yule mwanamke wa baiskeli akavua kofia yake.

Kila mtu pale alimjua Sjef. Kila mtu aliuona mdomo wake ukijikunja upande mmoja kama ulivyojikunja siku zote, kabla ya maneno ya rangi, kabla ya kila utani. Toos alikamata jalada la daftari. Sjef akamgeukia Nelleke, akamtazama, na mdomo ukanyooka.

"Ndiyo," alisema.

Wakangoja. Nelleke alikuwa amemwinamia, anangoja kile kitakachofuata, maana miaka thelathini na moja hakuwahi kumjibu swali hata moja bila kuliongezea kitu. Hakikufuata kitu. Alimtazama tu.

Ndipo Nelleke alipojua kwamba Sjef anakufa. Madaktari walimwambia, nesi alimwambia, hakuamini. Ile 'ndiyo' tupu ndiyo iliyomwambia. Alipiga yowe moja lililowashtua wote, akamkumbatia Sjef kichwa, na Toos alilazimika kumgusa bega na kumuuliza mara mbili kabla hajaweza kujibu lake.

"Ndiyo," Nelleke alisema ndani ya nywele za mumewe. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo."

"Moja inatosha," Toos alisema, naye machozi yalikuwa yakidondokea kitambaa chake cheupe. Akatangaza. Saa saba na dakika tano, Uholanzi.

Gust alishuka ngazi, akasafisha koo. "Shemeji," alimwita Nelleke, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, "nipe hicho kisu, utajikata."

Sjef alifariki Jumamosi mchana. Jumatano jeneza lilitoka kwa mlango wa mbele, na ulifunguka bila shida. Kadi ilikuwa na picha yake amesimama juu ya ngazi na brashi mkononi, na chini yake imeandikwa: Sjef Gulickx, mume wa Nelleke Snoeijs. Toos aliisoma kanisani mara nyingi kuliko alivyosikiliza mahubiri.

Wiki iliyofuata alikwenda kumwona Nelleke, na keki ya cheri mkononi. Alizunguka nyuma kama kawaida, akajaribu mlango wa jikoni, akaukuta umefungwa kwa ufunguo. Alishtuka. Kwetu mlango wa nyuma haufungwi mchana. Aligonga dirisha, hakuna jibu, na moyo ukaanza kumwenda mbio. Akarudi mbio upande wa barabarani, keki imeinama.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi kabisa, na kingo zake zilikuwa bado zimechubuka, rangi zote zinaonekana. Nelleke alikuwa ameweka kiti koridoni, pale kilipokuwa kitanda, anakunywa kahawa.

"Nelleke! Umenitisha. Mbona umefunga nyuma?"

"Pita huku," Nelleke alisema. "Huku ndiko nilikoolewa."